Tani 12 za chai na Shiba trilioni 50

Mei 2021, ikiwa taabani kwa korona, India ilipokea misaada miwili ambayo mimi kila nikikumbuka mmoja lazima nikumbuke na mwenzake. Wa kwanza ulitoka kwa Vitalik Buterin, yule kijana mwembamba aliyebuni Ethereum, mtandao wa kripto, yaani sarafu za kidijitali zisizo za nchi yoyote, wakati huo akiwa na miaka 27. Tarehe 12 mwezi huo alituma trilioni 50, ndio, trilioni, za tokeni za Shiba Inu, sarafu moja ya kripto, na kwa bei ya siku hio zilihesabika kuwa zaidi ya dola bilioni moja. Wa pili ulitoka kwetu Kenya mwisho wa mwezi huo huo: tani 12 za chai, kahawa na njugu. Balozi wetu kule Delhi wakati huo, Willy Bett, alizikabidhi kwa Msalaba Mwekundu wa India akasema ni za wale walio mstari wa mbele, wanaokesha wakiokoa maisha ya watu, wapate angalau kitu cha kujiburudisha. Mitandaoni kule India wengine wakacheka, ati sisi wenye Assam na Darjeeling tunaletewa chai na Waafrika, na wengine wakawakaripia hao wacheshi kwamba mtu akikupa katika kile alichonacho humcheki.

Nani alisaidia zaidi? Kwa hesabu ya karatasi hakuna mjadala, tani 12 za chai hata uziuze mnada wa Mombasa kwa bei ya juu namna gani huwezi kuzitaja mbele ya dola bilioni. Lakini chai ukishaifikisha kilichobaki ni maji ya moto na sukari. Shiba trilioni 50 ukishazifikisha ndo kwanza kazi inaanza, na hio kazi ndo nataka kuieleza hapa, manake sahii kila janga likitokea, iwe mafuriko, moto ama jengo kuporomoka, kwenye magrupu lazima atokee kijana mmoja aseme jamani wekeni adiresi ya kripto, watu wa ng'ambo watachanga kwa dakika mbili. Ni kweli watachanga kwa dakika mbili. Kuingiza hakujawahi kuwa shida. Shida iko kwa kutoa, yaani kuzigeuza pesa ya kawaida.

Turudi India. Mwisho wa Aprili 2021 wimbi la pili la korona lilikuwa limepiga vibaya, maambukizi mapya yamepita 400,000 kwa siku, watu wanatafuta mitungi ya oksijeni Twitter, maiti zinachomwa kwenye maegesho ya magari. Sandeep Nailwal, mmoja wa waanzilishi wa Polygon, mtandao mwingine wa kripto, akatangaza mfuko wa kuchangia kwa kripto, ukaitwa Crypto Relief. Adiresi kadhaa, ukurasa mmoja wa wavuti, bas. Brett Lee, yule mrusha mpira wa kriketi wa Australia aliyependwa sana kule India, akatoa Bitcoin moja. Buterin mwenyewe mwanzo alitoa Ether 100, sarafu ya ule mtandao wake wa Ethereum, na tokeni 100 za Maker, sarafu nyingine ya kripto, kama dola laki sita hivi, na mpaka hapo kila mtu alikuwa anaelewa kinachoendelea: watu wanatoa sarafu zinazouzika, mfuko unauza, pesa inaenda hospitali.

Halafu zikaja Shiba.

Hapa lazima nieleze zilikotoka, manake ukisikia mtu katoa bilioni unafikiri katoa jasho lake. Shiba Inu ilianzishwa Agosti 2020 na mtu asiyejulikana anayejiita Ryoshi, sarafu ya mzaha yenye nembo ya mbwa, na zikatengenezwa kwadrilioni moja, yaani moja yenye sifuri 15 nyuma yake. Nusu akaziweka sokoni na nusu akamtumia Buterin bila kumuuliza. Ujanja wenyewe ulikuwa hivi: Buterin ni mtu mkubwa, hana shida na sarafu zetu za mbwa, hatazigusa, kwa hio ni kama nusu ya sarafu zote zimefukiwa, na sisi tunapata kusema kwamba hata Vitalik anazo. Kwa miezi kadhaa mambo yakaenda hivyo. Mwanzo wa 2021 watu wakaingia wazimu wa Dogecoin, sarafu nyingine ya mzaha ya mbwa, na wazimu ukamwagikia Shiba, bei ikapanda mpaka yale marundo aliyotumiwa bure yakawa na thamani ya mabilioni ya dola. Mungu akipenda kukupa hakuulizi, wewe mtoto wa nani. Siku ya siku jamaa akaamua kuyaondoa: trilioni 50 pamoja na Ether 500 kwa India, marundo mengine ya sarafu za mbwa kwa mashirika mengine, na siku nne baadaye akateketeza asilimia 90 ya Shiba zilizobaki, trilioni 410, akazituma kwenye adiresi isiyo na mwenyewe ambako haziwezi kutoka tena. Akaandika kwamba hataki kuwa na nguvu za namna hio, na akawaomba watengenezaji wa sarafu wasimtumie vitu bila idhini yake.

Wacha niongeze kitu kidogo hapa hata kama kinanitoa njiani. Siku hio hio ya tarehe 12 Mei mtandao wa Ethereum ulikuwa umesongamana kiasi kwamba ada ya kutuma kitu kimoja kwa wastani ilipita dola 50. Sasa jiulize huyu mwalimu wa shule ama nesi aliyetaka kuchangia India dola 20 angefanyaje. Msaada wa kripto wakati ule, kwa wengi, ulikuwa msaada wa wenye nazo, na wanaokuambia eti ni njia ya mtu wa kawaida walikuwa hawajajaribu kutuma kidogo.

Bas, Nailwal kaamka ana bilioni ya dola ambayo hawezi kununulia hata mtungi mmoja wa oksijeni. Kwa sababu gani? Bei unayoiona kwenye skrini ni bei ya muuzaji wa mwisho aliyeuza kidogo. Haimaanishi kwamba kuna watu wamesimama na dola bilioni mkononi wakisubiri kununua mbwa. Ukienda sokoni na kila kitu kwa mkupuo, wanunuzi wa kwanza watakupa bei nzuri, wanaofuata watakupa nusu, na wa mwisho watakuuliza hii ni nini. Na soko lenyewe likisikia tu kwamba mwenye mzigo mkubwa kauachilia, linakimbia kabla hajauza hata mmoja. Ndo ilivyokuwa: Shiba ilishuka zaidi ya thuluthi ndani ya siku moja hivi baada ya Buterin kutuma. Nailwal ikabidi atoke hadharani kuwatuliza wenye Shiba, kwamba jamani tutauza kwa uangalifu, hatutawaangusha. Hebu fikiria, mtu ana wagonjwa wanaokata roho kwa kukosa hewa upande huu, na upande ule anawabembeleza wacheza kamari wa sarafu za mbwa wasikasirike. Mimi simlaumu, manake wale wacheza kamari ndo waliokuwa wateja wake, wakikimbia wote hana wa kumuuzia. Lakini ni nafasi mbaya ya kumweka mtu anayekusanya msaada.

Na kuuza kulikuwa nusu tu ya safari.

Pesa ya India ina mlango, na mlango una bawabu. Kuna sheria yao ya michango kutoka nje, FCRA, ya 2010, na Septemba 2020, miezi michache tu kabla ya lile wimbi, serikali iliikaza zaidi. Shirika lolote linalotaka kupokea pesa ya nje lazima lifungue akaunti kwenye tawi moja la benki moja, tawi kuu la State Bank of India hapo New Delhi, hata kama wewe uko kijijini Tamil Nadu, maelfu ya kilomita. Ukishapokea huruhusiwi kuigawia shirika jingine, hata kama hilo jingine ndo lenye hospitali na wewe una ofisi tu. Na gharama za uendeshaji zisizidi asilimia 20. Korona inapiga Aprili na Mei, mashirika mengi bado yako foleni na makaratasi ya kufungua hio akaunti. Kwa watu wa misaada hio ya kutogawia ndo ilikuwa kali kuliko zote, kwa sababu kawaida mashirika makubwa hupokea alafu yanawapitishia wadogo walio chini kabisa, wanaojua nyumba ipi ina mgonjwa. Huo mnyororo ukakatwa.

Upande wa kripto nao haukuwa shwari. Benki Kuu ya India ilikataza mabenki kuhudumia biashara za kripto Aprili 2018, Mahakama ya Juu ikafuta hilo katazo Machi 2020, na bado kufikia Mei 2021 kuna mabenki yaliyokuwa yanawaandikia wateja barua za onyo yakinukuu katazo lililofutwa, mpaka tarehe 31 Mei Benki Kuu yenyewe ikatoa waraka kusema jamani acheni kunukuu hio kitu, haipo tena. Ndani ya mazingira hayo ndo mtu anatakiwa kuingiza mamia ya mamilioni ya dola yaliyotokana na sarafu ya mbwa. Akikosea karatasi moja, anayeenda jela si Buterin.

Kwa hio wakaenda polepole. Dola milioni 15 zikaenda UNICEF kununua sindano za chanjo, mashirika mengine yenye vibali yakapewa yao, na lawama zikaanza kwamba pesa imekaa sana. Mwisho wa Juni maambukizi yalikuwa yameshashuka chini ya 50,000 kwa siku, kilele kilikuwa kimepita, na wale waliotafuta oksijeni Aprili ama walipona ama walizikwa. Januari 2022 Crypto Relief wakamrudishia Buterin dola milioni 100, azitumie kwa utafiti wa korona na magonjwa ya aina hio kupitia mfuko wake unaoitwa Balvi, kwa sababu yeye hana ile sheria shingoni na anaweza kutoa haraka. Umesoma vizuri. Msaada ulitoka kwake, ukazunguka miezi minane, na dola milioni 100 zikarudi kwake. Sioni mwizi popote kwenye hadithi hii, na ndo maana naipenda kuisimulia. Kila mtu alikuwa mkweli, kila shilingi ilionekana, na bado.

Sasa linganisha na Ukraine. Tarehe 26 Februari 2022, siku mbili baada ya Urusi kuvamia, akaunti rasmi ya Twitter ya serikali ya Ukraine ikaweka adiresi mbili, moja ya Bitcoin na moja ya Ethereum na USDT, ile sarafu inayofuata thamani ya dola. Watu wakadhani akaunti imedukuliwa, hata Buterin mwenyewe aliwaambia watu wasubiri kwanza uthibitisho. Ikathibitika. Mykhailo Fedorov, waziri wa mambo ya kidijitali, kijana wa miaka 31, ndo alikuwa nyuma yake. Gavin Wood wa Polkadot, mtandao mwingine wa kripto wenye sarafu ya DOT, akawajibu hapo hapo Twitter kwamba wekeni na adiresi ya DOT nitawapa dola milioni tano, wakaweka, akatoa. Kundi moja likauza picha ya bendera ya Ukraine kama NFT, yaani hati ya umiliki ya kidijitali, likapata Ether 2,258. Ndani ya wiki chache makumi ya mamilioni ya dola yakawa yameingia.

Lakini kilichonishangaza mimi si kuingia, ni kutoka. Kwanza, mpokeaji ni serikali, kwa hio hakuna bawabu mlangoni, yeye ndo bawabu. Pili, walikuwa na mtu wa kubadilisha tayari, soko la kripto la pale pale nyumbani linaloitwa Kuna, mwanzilishi wake Michael Chobanian akihangaika na wizara usiku na mchana. Tatu, na hili ndo kubwa, wauzaji wengine wa fulana za kuzuia risasi, vyakula vya wanajeshi na vifaa vya hospitali walikubali kulipwa kwa kripto moja kwa moja, naibu wa Fedorov, Alex Bornyakov, alisema kama asilimia 40 ya wauzaji wao. Hapo hakuna kutoa kabisa, unalipa na kile ulichopewa. Agosti 2022 Fedorov akachapisha mchanganuo wa matumizi, droni kiasi gani, fulana kiasi gani, magari, dawa. Ni vita na si mafuriko, najua, na baadhi ya hizo pesa zilinunua vitu ambavyo shirika la misaada haliwezi kununua, lakini kama somo la jinsi ya kutoa sijaona lililo bora.

Hata wao walikuwa na vituko vyao. Tarehe 2 Machi wakatangaza kwamba waliochangia watapewa tokeni ya shukrani, na kesho yake saa fulani ndo hesabu itafungwa. We! Michango midogo midogo ikamiminika kama mvua, watu wametoa senti wakisubiri kupewa kitu watakachouza. Ni wale wale wanaokuja msibani kwa ajili ya pilau. Mjanja mwingine akatengeneza tokeni feki ya shukrani akaisambaza kana kwamba inatoka kwa serikali. Tarehe 3 Fedorov akafuta mpango wote. Na lile soko la FTX, lililojitangaza Machi kwamba linawasaidia kubadilisha michango, Novemba mwaka huo huo likaanguka na pesa za wateja wake ndani. Ukraine walikuwa wameshatoa zao na kuzitumia. Angalia hio miezi: kama wangekuwa na tabia ya kungoja bei ipande, hadithi ingekuwa nyingine.

Uturuki nitaipita haraka. Tetemeko la tarehe 6 Februari 2023, ukubwa 7.8, watu zaidi ya 50,000 walikufa Uturuki peke yake. Haluk Levent, mwimbaji wa roki ambaye ana shirika lake la misaada linaloitwa Ahbap, akatangaza adiresi za kripto, na mamilioni ya dola yakaingia kutoka duniani kote, huku nchi yenyewe tangu Aprili 2021 imepiga marufuku kulipia bidhaa kwa kripto. Kwa nini watu walimwamini mwimbaji? Kwa sababu walikuwa wanamjua kwa miaka. Matapeli nao wakatoa adiresi zao, wakatumia na picha za watoto kwenye vifusi, na adiresi ya tapeli na adiresi ya Ahbap zote ni herufi zisizosomeka, jicho haliwezi kuzitofautisha. Ng'ambo ya mpaka, Syria, hali ilikuwa ngumu mara mbili kwa sababu ya vikwazo, mpaka Marekani ikatoa kibali maalum cha siku 180 kwa miamala ya misaada ya tetemeko. Hata sarafu isiyo na nchi inasubiri kibali cha nchi, manake masoko ya kubadilishia yana ofisi, na ofisi zina mawakili.

Nije kwetu. Mafuriko ya 2024, Aprili na Mei, mnayakumbuka, Mai Mahiu ilichukuliwa usiku, Garissa na Tana River barabara zikakatika. Kikundi chetu cha mtaani hapa Mombasa kilikuwa kinachanga kwa ajili ya watu wa Tana Delta, na mimi ndo mweka hazina, kazi ambayo hakuna anayeitaka. Mtoto wa ammi yangu aliyeko Doha akaniandikia.

"Abu, nna USDT hapa, nikutumie?"

"Tuma, lakini kwa mtandao wa TRC. Ukituma kwa ule wa Ethereum ada itakula unga wa watu."

"Ngapi inatosha?"

"Hakuna inayotosha we, tuma ulichojaaliwa."

Akatuma 300. Kabla sijamaliza kuandika shukran zilikuwa zimefika, ada yake kama dola moja tu. Mpaka hapo sifa zote mnazosikia ni za kweli, ile njia ya kawaida ya kutuma pesa kutoka Ghuba ingemkata zaidi na pengine ingesubiri dirisha lifunguliwe.

Sasa kuzitoa. Unaingia sokoni upande wa mtu kwa mtu, unaweka tangazo, nauza 300, bei kadha, nalipwa kwa M-Pesa. Anatokea mnunuzi, jina simjui, anabonyeza kununua, zile USDT zinashikiliwa katikati na saa inaanza kuhesabu dakika 15 kurudi nyuma. Ujumbe wa M-Pesa unaingia. Hapo ndo unatakiwa uwe na roho ngumu, kwa sababu mnunuzi tayari anakuandikia "bosi rilisi", "bosi rilisi bas", na wewe kwanza unaangalia jina lililotuma kama ni lile lile la kwenye akaunti yake, manake kama ni tofauti inawezekana ni pesa ya mtu aliyeibiwa na kesho mwenyewe ataomba irudishwe na laini yako ndo itakayofungiwa kiasi hicho. Alafu huangalii ujumbe peke yake, ujumbe wa kughushi ni kitu cha kila siku, unaangalia salio. Salio limepanda. Ndo unaachilia. Elfu thelathini na tisa na kitu. Ukishatoa hapo ni unga, mafuta, neti za mbu na dawa ya kutibu maji, vitu vya kupakia kwenye lori na kuomba Mungu barabara ya Garsen iwe inapitika.

Hio ni 300. Ingekuwa laki tatu? M-Pesa kwa muamala mmoja mwisho ni 250,000 na akaunti nzima haizidi nusu milioni, za shilingi hizo, si dola. Ningehitaji benki, na benki ingeniuliza zimetoka wapi, na mimi ningewaonyesha picha ya skrini ya mtu wa Doha na wao wangenionyesha mlango. Tahadhari ya Benki Kuu yetu kuhusu kripto ni ya Desemba 2015, na ile sheria ya kuwapa leseni watoa huduma wa kripto Rais aliisaini Oktoba 2025, kwa hio hapo katikati ni miaka karibu kumi ya kila karani kujiamulia. Majirani zetu Tanzania, Benki Kuu yao ilitoa katazo Novemba 2019, na tangu sheria ya fedha ya 2024 kuna kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye uhamishaji wa mali za kidijitali. Kitu kimekatazwa na kinatozwa kodi, haya.

Kuna jambo ambalo mashabiki wa kripto hupenda kulisema na mimi naliunga mkono nusu. Wanasema blokcheni ni daftari la wazi, kila mtu anaona pesa ilivyotembea, kwa hio hakuna kula. Ndugu yangu wa Doha aliona kweli zile 300 zikitoka kwake, zikifika kwangu, zikitoka kwangu. Kisha? Zilipogeuka shilingi daftari lilifungwa. Kutoka hapo alichokuwa nacho ni picha za risiti kwenye WhatsApp na video ya lori, sawa sawa na mtu aliyechanga kwa paybill. Uwazi wote uko kwenye kile kipande cha njia ambacho hakuna mtu alikuwa na wasiwasi nacho. Pesa za misaada haziliwi zikiwa njiani kutoka Doha. Zinaliwa kwenye bei ya unga, kwenye majina hewa ya waathirika, kwenye lori la shemeji.

Na tusijidharau, sisi kuchanga tunajua. Mwaka 2011 wakati wa ukame wa Turkana, Kenyans for Kenya ililenga shilingi milioni 500, watu wakachanga kwa M-Pesa hata shilingi kumi, na ukijumlisha na misaada ya vitu ikapita bilioni moja. Hakuna mbwa hata mmoja. Kripto inaongeza kitu kimoja tu juu ya hapo, na si kidogo, inawafikia wale ambao paybill haiwafikii, watu wa Doha, Minneapolis, ama hata mtu usiyemjua kabisa. Mwisho wa 2017 kuna mtu mmoja wa Reddit ambaye mpaka leo jina lake halijulikani alianzisha Pineapple Fund, akatangaza kugawa Bitcoin zaidi ya elfu tano, ukifuata bei za siku alizotoa zikafika dola milioni 55 kwa mashirika 60. Milioni tano akawapa GiveDirectly, wale wanaowatumia watu wa vijijini Kenya pesa taslimu kwa M-Pesa. Utaona pale vipande vyote vimekaa sawa: kilichotolewa ni Bitcoin ambayo soko lake ni pana, aliyepokea ni shirika lenye akaunti na vibali tayari, na mwisho wa njia kuna simu ya mama wa kijijini ambayo inajua kupokea. UNHCR nao Desemba 2022 wakafanya kitu cha namna hio kwa wakimbizi wa ndani wa Ukraine, wanawatumia USDC, sarafu nyingine inayofuata thamani ya dola, kwenye simu na wao wanazichukua taslimu kwenye vibanda vya MoneyGram. Walianza na mahali pa kutolea, ndo wakarudi nyuma kwenye sarafu.

Mvua za juzi zilipoanza kuleta wasiwasi tukakaa kikao kuhusu hii habari ya adiresi, vijana wanaitaka, wazee wanaiona kama upatu. Nikaweka masharti yangu: USDT na Bitcoin tu, hakuna sarafu za wanyama hata mtu alete za bilioni. Kinachoingia kinauzwa siku hio hio, hatungoji bei, sisi si wachezaji. Adiresi inasomwa kwa sauti kwenye simu ya video na anayetaka kutuma, siyo kunakiliwa kutoka grupu lolote tu. Kila mauzo watu wawili wanaangalia, na risiti za unga zinawekwa pale pale ilipowekwa picha ya USDT zilizoingia. Wakakubali yote, ila mzee mmoja, fundi wa majahazi mstaafu, akauliza lile ambalo vijana hawakuwa wameuliza.

"Na wewe mweka hazina ukifa usiku, hizo zilizo kwenye simu yako anazitoa nani?"

Za M-Pesa zina utaratibu, warithi wanaenda na cheti cha kifo na barua na mambo yao, wanasumbuliwa lakini zinatoka. Za kwenye pochi ya kripto bila yale maneno kumi na mbili ya siri hazitoki, hata aje nani. Tukakubaliana maneno yagawanywe, sita kwa mwenyekiti na sita kwa katibu, kwa bahasha zilizofungwa. Katibu keshauliza kama anaweza kuiweka yake kwenye kabati la msikiti. Mwenyekiti anasema hapana, funguo za lile kabati ziko kwa watu wengi mno.